Si Mimi, Ni Mafuta ya Mbegu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kliniki. Nilikwenda kwa ajili ya macho, wakanipima damu. Ndivyo walivyo watu wale: unawapelekea mlango, wanakagua nyumba nzima. Nesi akasema sukari imepanda. Haijawa ugonjwa kamili, ila ipo kizingitini inapiga hodi. Kisha akanizungushia utepe kiunoni na kuguna. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi cherehani, utepe nauelewa, na ule wake umevutika. Hakucheka.

Akauliza nakunywa soda ngapi kwa siku. Nikasema inategemea jua. Akaniambia nipunguze soda, biskuti, mkate mweupe, vitu vya pakiti na vya kukaangwa, nitembee kwa miguu, nirudi baada ya wiki tatu. Hali ikibaki hivi tutaanza dawa.

Nilikunywa soda njiani kutuliza mshtuko.

Kufika dukani, nani ananisubiri? Shemeji, kaka yake mke wangu. Mwaka jana mimi na yeye tulikuwa na matumbo pacha, watu wakituona mbali hawatutofautishi. Leo yeye hana tumbo. Amekuja nimpunguzie suruali kiunoni, kwa mara nyingine. Alijigeuza mbele ya kioo kama bibi harusi. Mke wangu, ambaye hunisaidia dukani kwa vifungo na kola, akasema kaka amependeza. Kwenye shajara hii ataitwa Kiuno.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata mchawi. Si mimi, na si soda. Ni mafuta ya mbegu.

Nimeona video kwenye simu. Mwanamume mwenye kifua kama kabati amesimama jikoni, ameshika chupa ya mafuta kwa vidole viwili kama anayeshika panya. Alizeti, soya, mahindi, pamba: yote hayo, anasema, ndiyo yaliyoleta vitambi na sukari. Babu zetu walipikia mafuta ya wanyama na hawakujua kliniki ina rangi gani. Niliirudia video mpaka simu ikapata moto. Mwanzo hadi mwisho hakutaja soda hata mara moja. Mtu mwenye akili sana.

Nikamwonyesha mke wangu. Akaitazama yote kwa adabu, kisha akauliza, "Na hao babu zetu walikuwa wakienda sokoni kwa pikipiki?"

Mwanamke huyu hujibu jambo moja kwa kuuliza jingine. Nimechukua chupa yetu ya mafuta ya alizeti jikoni na kuipeleka dukani. Sitaki kitu kiharibike, kwa hiyo nimeyatia kwenye cherehani.

Alhamisi, 6 Machi

Cherehani imeganda. Gurudumu halizunguki. Nimeifungua, nikakuta mafuta yamekuwa kama gundi.

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilifurahi. Kama yanagandisha chuma, mishipa ya mwanadamu itapona wapi? Nimewaeleza wateja wote waliofika leo. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alileta suti yake ya mahafali niipanue mabega, akasikiliza somo langu akiwa wima. Alisema amesoma kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana kuhusu mafuta hayo, na kwamba wengi wanayaona salama kuliko mafuta ya nyama. Nikamwambia wataalamu hao hawana cherehani.

Nimeshinda siku nzima nikisugua vyuma kwa mafuta ya taa. Sikushona hata pindo.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango uko hivi. Nitayeyusha mafuta ya ng'ombe mwenyewe. Tutapikia hayo, sukari itashuka, na tumbo litaondoka lenyewe kwa aibu. Ikifika siku ya kurudi kliniki, Nesi ataniomba maelekezo, na Kiuno atakuja kupiga magoti.

Mke wangu amekataa niyeyushie jikoni kwake. Sawa. Nitayeyushia nyuma ya duka.

Nilipotaka kwenda buchani, pikipiki haipo. Mke wangu amemwazima Kiuno. Anasema ya kaka yake imeharibika na ana safari nyingi. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye kiuno kizuri hivyo asitembee. Akasema hilo ni swali zuri, huku akikata uzi kwa meno.

Nimekwenda kwa miguu. Bucha liko ng'ambo ya daraja, na kurudi ni kilima. Nilibeba ndoo ya mafuta kichwani. Nimelala mchana kama gunia.

Jumanne, 11 Machi

Nimeyeyusha. Moshi ulikuwa mwingi kidogo. Nguo za wateja zilikuwa zimetundikwa hapo hapo ila hazikuungua, kwa hiyo hakuna madhara.

Nilionja kijiko kimoja. Tumbo lilinguruma mpaka mteja mmoja akaangalia juu kama mvua inakuja. Hiyo ni sumu ya mbegu inatoka.

Jambo la ajabu. Duka la vinywaji mkabala na kwangu halina soda. Mwenye duka anasema jokofu limekufa. Wakati ananiambia hivyo, mtoto alipita katikati yetu na chupa inayotoka jasho la baridi. Nikauliza hiyo je. Mwenye duka akatazama viatu vyake, akasema ilikuwa ya mwisho. Nikataka hata isiyo baridi. Akasema, "Fundi, nisamehe. Mama amekataa."

Mtu mzima, ana watoto watatu, na bado anatawaliwa na mama yake. Nilimhurumia. Nikanywa maji.

Chakula cha mchana: maharage, mboga za majani kwa wingi, wali kidogo. Mke wangu anasema mwingine uliungua. Wiki hii wali unaungua kila siku.

Ijumaa, 14 Machi

Leo siandiki mengi.

Baada ya chakula nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nililamba uzi, nikausokota, nikaukata upya. Tundu la sindano lilikuwa linaogelea. Nikasema balbu ni mbovu, nikapanda kwenye kiti kuibadilisha. Hata ile mpya nayo mbovu.

Mke wangu aliichukua sindano mkononi mwangu, akatunga uzi, akanirudishia. Akasubiri nimalize pindo. Ndipo akasema, "Baba naye alianza na balbu. Tukambadilishia balbu nyumba nzima. Mwisho tukawa tunamshika mkono kumpeleka chooni."

Nilijua baba mkwe alikufa akiwa haoni. Ile ya balbu sikuijua. Akasema kaka yake aliacha soda na kuanza kutembea siku ile ile aliyoambiwa naye sukari yake inapanda. Hakufanya kwa ajili ya suruali.

Nilitaka kusema jambo zuri. Nikasema mafuta ya ng'ombe yataponya yote. Akasema, "Basi kesho uende tena buchani. Kwa miguu. Nasikia mafuta yaliyofuatwa kwa miguu yana nguvu zaidi."

Hatimaye ameanza kuniamini.

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu Mkuu amekuja nyumbani akiwa na suti yake ndani ya mfuko wa plastiki, ameushika mbali na mwili.

Mahafali yalikuwa jana. Kwa maelezo yake, alipotoka nyumbani alifuatwa na mbwa mmoja. Alipofika njia panda walikuwa wanne. Alipopanda jukwaani kuwahutubia wazazi, mbwa wote walikaa mstari wa mbele, masikio wima, wakimsikiliza kuliko wahitimu. Aliposema neno nidhamu, mmoja alipanda jukwaani na kuanza kulamba suruali yake. Mgeni rasmi aliondoka kabla ya vyeti.

Nilimweleza kwamba ni ushahidi. Mbwa ni mnyama safi wa asili, hadanganywi na matangazo. Kuna mbwa aliyewahi kumfuata mtu kwa ajili ya mafuta ya alizeti?

Mwalimu Mkuu aliuweka mfuko chini. Kisha akamwambia mke wangu, si mimi, kwamba anampa pole.

Nitaifua suti hiyo bure na kuipeleka mwenyewe mpaka shuleni, juu ya kilima. Mke wangu ametoa sharti kwamba isipoisha harufu naifua tena na kuipeleka tena.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya. Mbwa wa mahafali wamegundua chanzo. Wamefungua mlango wa nyuma wa duka na kulamba ndoo yote mpaka inang'aa. Mafuta yote yamekwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula vijiko vitatu tu tangu mwanzo, kwa sababu ya mngurumo.

Nimekwenda buchani kutafuta mengine. Mwenye bucha anasema mafuta yake yote yamechukuliwa na mtengeneza sabuni, nijaribu kesho. Alisema hivyo jana. Alisema hivyo juzi. Nakwenda kila siku, daraja lile sasa linanijua kwa jina. Na shuleni nimeshapanda mara mbili, Mwalimu Mkuu ananusa mkono wa koti na kutikisa kichwa.

Nikiwa njiani nilipita nyumbani kwa Kiuno kudai pikipiki yangu. Nikaikuta uani, imefunikwa turubai, matairi yana vumbi. Haijaendeshwa hata siku moja. Kiuno alishtuka kuniona. Nikauliza kulikoni. Akasema ufunguo uko kwa dada yake.

Nimefikiria sana jambo hili wakati wa kurudi, na nimepata jibu. Kiuno anaogopa pikipiki. Alimpa dada yake ufunguo ili nisijue. Nimeamua kutomwaibisha. Kila mtu ana udhaifu wake.

Ijumaa, 21 Machi

Suti imekubaliwa. Mwalimu Mkuu alinusa, akanusa tena, akatoa mkono. Ameniuliza kama nimepungua. Nikasema mimi ni fundi, najua kuvaa.

Lakini suruali yangu ya kazi inateleza. Nilidhani mpira umechoka. Nimeshona mpya, nao unateleza.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki. Mke wangu alifunga duka akanisindikiza. Kwenye benchi alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nawaelimisha wagonjwa kuhusu mbegu. Mzee mmoja aliniuliza kama na tikiti maji nalo limo. Nikasema tusubiri utafiti.

Nesi alisoma karatasi, akanipima tena kidole, akasoma tena. Sukari imeshuka. Haijafika chini kabisa, ila imetoka kizingitini na sasa iko barabarani. Utepe wake pia umejirekebisha. Dawa hatuanzi. Akaniuliza nimefanya nini.

Nikamweleza yote: video, cherehani, ndoo, vijiko vitatu. Nesi alisikiliza, kisha akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa ananyoosha kola yangu, kola ambayo ilikuwa imenyooka.

Nesi akaniuliza soda je. Nikasema bahati mbaya, duka limekosa, yule bwana ana matatizo na mama yake. Akauliza kutembea je. Nikasema bahati mbaya pia, pikipiki imekwama kwa shemeji. Akafunika mdomo kwa karatasi yangu ya majibu. Alipoishusha akasema, "Fundi, hizo bahati mbaya zako zisikuache. Na umshukuru uliyekuja naye."

Nilimshukuru kwa kufunga duka.

Jioni nilikaa kwenye cherehani. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote. Uzi ulipita mara ya kwanza. Nilidhani nimebahatisha, nikauchomoa, nikaupitisha tena. Nikamwita mke wangu aone. Akaona. Kisha akatoka nje, akakawia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikauliza. Akasema ni vitunguu.

Hatukuwa tumeanza kupika. Ila sikubisha. Nilitunga sindano zote zilizokuwa kwenye kopo, moja baada ya nyingine, naye akakaa kando yangu akinipa nyuzi.

Jumanne, 25 Machi

Nimepiga hesabu zangu vizuri. Vijiko vitatu tu vya mafuta ya ng'ombe vimeshusha sukari kiasi hiki. Hivyo basi mwili wangu sasa una kinga. Mtu mwenye kinga anaweza kunywa soda bila shaka yoyote. Nimegundua kuna duka jingine la vinywaji upande wa stendi, ambako mwenye duka hana mama. Ni mbali kwa miguu, lakini pikipiki nitaidai leo leo.

Tena yule bwana wa kifua ametoa video mpya. Ameendelea na utafiti. Anasema adui aliyebaki ni mpira wa kiunoni: unabana tumbo, chakula kinakosa njia, kinageuka sukari. Nimeshangaa kwamba mimi, fundi wa miaka yote hii, sikuliona jambo lililokuwa mikononi mwangu. Kuna sketi ishirini za wanakwaya pale dukani, zote zina mpira. Wanaimba Jumapili. Nitaondoa mpira wote, niwape mshangao wa afya.

Nimemweleza mke wangu mpango wangu tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akafunga mkasi kabatini, akaweka ufunguo kifuani, akaenda kumpigia simu kaka yake. Sasa Kiuno amefika, wako jikoni wananong'ona. Nasikia kicheko. Wote wawili.

Nawasamehe. Mtu asiye na mradi wowote maishani hucheka kirahisi.