Nilivyoenda Kuposa Santuri za Mzee Mtepa

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, nimevaa shati jipya, mbele ya mke wangu.

Mnanijua humu kwenye grupu. Jazi ya Kilatini ni mimi. Santuri za Kyuba, za Puerto Riko, za wale wapiga tumba wanaojaza albamu nzima kwa ngoma tupu bila gitaa wala tarumbeta, ni mimi. Ninyi wenyewe ndio mnaoniuliza ipi inafaa kukusanywa na ipi ni ya kuwekea vikombe. (Jibu langu halijabadilika: geuza jalada, ukikuta wapiga ngoma wametajwa kwa majina, chukua. Ukikuta picha ya mrembo tu, irudishe.) Kazi yangu ni ya uwakala wa forodha pale Kurasini, na mabaharia wawili watatu wanaujua udhaifu wangu, kwa hiyo sikosi mzigo.

Sasa kuna Mzee Mtepa wa Tandika. Mtu wa Newala, alipiga tumba kwenye bendi za dansi enzi hizo, na leo anaukaribia umri wa miaka themanini. Ana sanduku la santuri za Kilatini ambazo mimi huziota. Haziuzwi. Watu wametoka Oysterbay na magari yao wakarudi bila kitu. Mzee anasema anatafuta wa kumwachia, mtu mwenye masikio. Wiki iliyopita akaniambia, "Njoo Jumapili, ulete sahani moja ya santuri unayoipenda. Tusikilize wote."

Nikajua limeisha hilo. Sanduku langu.

Jambo kama hilo huliendei peke yako. Nikaliendea kama posa: mke wangu Rehema ndani ya gauni la Idi, doti moja ya kanga kwa Bi Fatu mke wa mzee, sukari kilo mbili, na mashine yangu ya santuri mapajani kwenye bajaji, maana ya mzee ilikufa siku nyingi. Rehema mwenyewe muziki huu wala haumhusu. Njiani akaniambia, "Baba Nasra, tukifika usiongee sana." Nikacheka. Mimi tena?

Nakiri makosa mawili. La kwanza, sikuchukua sahani ninayoipenda. Nilichukua mpya, imefika Alhamisi, sijaisikiliza hata mara moja, ili nimwoneshe mzee kitu ambacho hata yeye hana. La pili, jana nilikuwa napiga zile sahani ndogo za nyimbo mbilimbili. Wanaozijua wanajua: ndogo huzunguka haraka, kubwa huzunguka taratibu. Kuna kitufe cha kubadilisha mwendo.

Tukafika. Shikamoo, marahaba, poleni na jua. Bi Fatu akaipokea kanga, akacheka, "Kwani mmekuja kumuoa nani?" Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kigoda barazani, tumba yake kati ya magoti, ngozi imekaa vizuri kabisa. Nikateremsha sindano.

Ngoma zikaanza. Mbio!

"Unaisikia hiyo mikono, mzee?" nikasema. "Watu wanadhani wako wawili. Yuko mmoja!" (Sikuwa na uhakika wowote. Ilinijia tu, nikaona imekaa vizuri mdomoni.)

Mzee akajaribu kufuatisha. Akakosa. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akakosa.

"Huyu anakimbizwa na nani?" akauliza.

"Ndiyo staili yenyewe ya Havana, mzee wangu! Hii albamu ukiikosa, mkusanyiko wako bado."

Rehema akaninong'oneza, "Lakini mbona kama wana haraka hawa?"

"Mama Nasra, haya mambo yana wenyewe."

Ukapita wimbo wa pili, ukaja wa tatu. Mzee akaacha kupiga. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Bi Fatu, mikono yangu imekwisha." Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamfariji! "Umri ni umri, mzee wangu. Hawa ni watu wa kiwango kingine." (Nipigeni.)

Wimbo wa nne ndio una mwimbaji.

Picha yake iko kwenye jalada. Jibaba hasa: shingo nene, sharubu, sigara kubwa mdomoni. Akaanza kuimba. Ikatoka sauti ya kifaranga.

"Huyo mtoto wa nani?" akauliza Bi Fatu.

Hapo nilishajua. Ningeweza kuomba radhi palepale, tukacheka, yakaisha. Nikasema, "Hiyo ni sauti ya juu, Bibi. Kule wanaume wanaifanyia mazoezi tangu wadogo."

Bi Fatu akachukua jalada. Akalitazama jibaba, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Huyu?"

"Ndiyo."

"Huyuhuyu mwenye sharubu?"

"Ndiyo, Bibi."

Rehema akainuka, akapiga magoti mbele ya mashine, akabonyeza kitufe.

Sahani ikapunguza mwendo, na yule bwana akashuka nayo, akashuka, mpaka ikabaki sauti nzito ya mtu aliyekula akashiba. Ngoma zikatulia. Mkono wa mzee ulikwenda kwenye tumba kabla mwenyewe hajaamua. Pigo la kwanza likaingia mahali pake. La pili hivyohivyo. Mzee akafumba macho, akapiga mpaka mwisho wa wimbo, kisha Rehema akairudisha sindano mwanzo bila kuambiwa, akampigia zile tatu zote nilizomnyima. Hakukosa hata pigo moja. Bi Fatu alikuwa anacheka huku anajifuta machozi kwa ile kanga mpya. Nami nilifurahi, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimemzeesha mzee wa watu kwa kujisifu kwangu.

Muziki ulipoisha, mzee akaingia ndani, akatoka na sanduku.

Nikasimama. Nikanyoosha kola. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mzee akanipita, akaliweka miguuni pa Rehema.

"Mwanangu, wewe una masikio. Mwenzio huyu ana mdomo."

"Lakini mzee," nikasema, "huyu si mke wangu? Si zinakuja nyumba ileile?"

"Zinakuja kwake. Ukitaka kusikiliza, utamuomba."

Nikamgeukia Rehema, nikijua atakataa, maana muziki wenyewe hauwezi. Akapiga goti kwa adabu zote. "Ahsante, baba. Nitazitunza."

Basi naandika haya nikiwa sebuleni kwangu. Sanduku liko juu ya kabati la vyombo. Nimeomba kwa upole nipigiwe sahani moja tu, yoyote ile, nimeambiwa nikanawe mikono kwanza, tena kwa sabuni. Atakayecheka humu asiniulize tena habari za albamu, bado mtaalamu ni mimi. Ngojeni nikanawe.