Mita ya Mbaruk

Mbaruk hakujua kutengeneza hata tochi, lakini alijua watu. Siku moja ya mwaka themanini na tatu alikwenda kula pilau ya arusi Mambrui, akagundua kuwa umeme haujafika huko, na kwamba redio na spika zote zinakula betri za gari. Tena kila mwenye betri huihangaikia kama mwenye mgonjwa ndani. Mbaruk akaacha pilau nusu, jambo ambalo halikuwaashiria watu wa Mambrui heri yoyote.

Aliporudi Malindi akanunua mita ya kupimia volti, akampelekea Musyoka, fundi redio.

"Ndani kuna rezista moja ndogo ya kuzuia umeme," Musyoka akamweleza, "imepimwa kiwandani sawasawa. Sindano inaitegemea hiyo. Nikiweka yenye kuzuia maradufu, mita itasema nusu ya kweli."

"Nusu ya kweli yanitosha, ndugu yangu. Weka."

Musyoka akaweka, akalipwa sahani ya biriani, na dhamiri yake ikashiba pamoja naye.

Basi betri nzima ya volti kumi na mbili, Mbaruk akiipima, sindano ilionyesha sita. "Pole, mama, imekufa. Lakini nitaichukua kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo." Aliinunua kwa bei ya visheti, akawauzia madereva wa teksi kwa bei ya betri. Pesa akaweka za kufungulia duka.

Kosa lake lilikuwa kununua betri ya Bi Jaha, mjane aliyepiga kaseti katika arusi za Mambrui, na ambaye Musyoka alikuwa amepanga chumba kwake.

"Nimeichaji karakanani kwako Malindi Ijumaa," Bi Jaha alimlalamikia Musyoka. "Jumamosi kijana mwenye mita kaniambia ni maiti. Jana nimeiona ndani ya teksi, yanguruma! Arusi ya yule binti Mapenzi ni wiki ijayo. Nikiikosa hii, sitaitwa tena, na mimi sina kazi nyingine. Mwanangu, wajua lolote?"

Musyoka aliona haya hasa. Mama huyu ndiye aliyempikia uji alipougua malaria. Akakiri yote, akatubu papo hapo. Na uzuri wa dhambi ya ushirika ni kwamba toba yake hulipwa na mwenzako.

Mbaruk alipoleta mita ibadilishwe kioo, Musyoka akabadilisha kioo, na kimyakimya akarudisha rezista ya kiwandani. Bi Jaha naye akakusanya betri mbovu za kijiji, zile za kuzuilia milango na kulaliwa na kuku. Musyoka akachagua zilizobakiwa na volti sita hivi, zikapanguswa zikameremeta. Mbaruk akaitwa.

"Shikamoo, Bi Jaha."

"Marahaba. Hizi ameniachia marehemu shemegi yangu. Hebu nipimie."

Ya kwanza, sita. Ya pili, sita. Moyo wa Mbaruk ukacheza chakacha, maana sita yake ni kumi na mbili. Uso ukaomboleza.

"Zimekufa zote, mama."

"Basi n'tazitupa baharini."

"La! Yaani... ni dhambi kutupa. Nitakupa chochote."

"Cha nini, nawe wasema ni maiti?"

"Nakuonea huruma tu."

"Huruma yako yafika wapi?"

Mbaruk akataja bei. Bi Jaha akaita mtoto abebe za kutupa. Mbaruk akapandisha, akapandisha tena, mpaka pesa zote za duka zikaishia kwenye pindo la leso ya Bi Jaha. Jioni ile ile mama akanunua betri mpya, na arusi ya Mapenzi ikasikika mpaka mto Sabaki.

Malindi, betri zilipotiwa, hakuna teksi hata moja iliyoguna. Mbaruk akakimbilia polisi.

"Nimeuziwa betri mbovu!"

"Hukuzipima?" sajini akauliza.

"Nilizipima."

"Mita ikasemaje?"

"Mbovu."

"Na wewe ukamwambia nini mwenye betri?"

"Kwamba... ni mbovu."

Sajini akaweka kalamu chini.

"Bwana, nenda nyumbani," akasema, "kabla sijaelewa."