Katiba Harudi kwa Makoye

Jumanne, 1 Oktoba 1996

Mbavu za Katiba zinaonekana kutoka barabarani. Nimekwenda hadi barabarani nikahakikisha. Zinaonekana! Huu ni uzao wake wa kwanza. Ndama ni dume, kichwa kama nyundo, anamgonga mama yake kiwele mchana kutwa. Asubuhi nilikamua kibuyu changu cha chai, kilichobaki nikamwachia yeye. Ndio mgawanyo wa haki.

Makoye amepita na baiskeli, akashuka, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Huyu ni mkwe wangu: kijana wake kamwoa binti yetu Angela, na Katiba alitoka kwenye zizi lake kwa mahari hiyo, mtamba mnene anayeng'aa. Kasema, mkwe, nilikupa ng'ombe, wewe umemfanya ngazi. Nikamjibu kwamba mimi nasoma magazeti tangu enzi za Azimio, na ufugaji wa kisasa hauhitaji mtu wa kupiga mluzi nyuma ya mikia. Akapiga mluzi. Katiba akageuka! Msaliti.

Jioni mke wangu Eufrazia ametoa tamko. Baba Angela, kasema, binti yako alipojifungua tulimpa uji wa ulezi asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyekwenda kumkamua. Angela anakuja Jumapili na mtoto. Akimkuta Katiba bado anayumba hivi, ng'ombe na ndama wake wanarudi kwa Makoye.

Harudi! Naapa mbele ya taa ya chemli.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeigeukia sayansi. Ninalo jarida la kilimo lenye picha ya ng'ombe wa Ulaya, tumbo kama pipa. Linasema nyasi kavu zikatwekatwe na kunyunyiziwa maji ya chumvi. Nimekata mabua ya mpunga mpaka panga likapata moto. Katiba amenusa. Amenipigia chafya usoni. Kisha amepitisha shingo dirishani na kula makala yangu ya kurasa nne kuhusu madhara ya makundi makubwa ya mifugo. Yote! Hata hitimisho.

Eufrazia kasema ni mara ya kwanza maandishi yangu yamemshibisha mtu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Helena wa kilabuni anawapa nguruwe wake machicha ya pombe, nao wamenona kama mapadri. Nikapiga hesabu: kilichomnonesha nguruwe hakitamkataa ng'ombe. Helena alionya, kidogo kidogo, mwalimu. Nilimpa Katiba ndoo nzima. Mtu mwenye haraka na Jumapili hagawi kwa vijiko.

Mchana ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Katiba kalala, ulimi nje. Ndama anamzunguka akilia. Nilipiga yowe, bila shaka kwa sababu ya joto.

Makoye alikuja akikimbia. Hakunitania hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Alimwinua, akampandisha miguu ya mbele kwenye kichuguu, akamfunga kijiti mdomoni kama lijamu. Eufrazia akaleta chupa nzima ya mawese, wakammiminia. Wakamkanda. Mwishowe Katiba akatoa mbeuo mmoja mrefu, nadhani hata kijiji cha pili cha Kasansa wameusikia.

Nashukuru kwa msaada huo mdogo wa kiufundi.

Kisha Makoye akanawa mikono, akatoa ushauri nisiomwomba. Mzazi huyu anataka majani mabichi, maji mengi, na wewe uondoe vidole vyako kwenye chuchu zake. Majani mabichi Oktoba hii! Nikauliza yako wapi. Wote waligeuka kuyatazama majaruba, ambako mpunga uliovunwa umechipua tena kwenye tope, kijani kitupu, hauna mlaji. Kisha wakanitazama mimi.

Sawa. Nitaeleza. Zamani baada ya mavuno wafugaji waliingiza mifugo majarubani, ikala machipukizi na kutuachia samadi. Mwezi wa sita nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikazungumza mpaka watu wakakubali ili wakale. Tukapitisha: hakuna mfugo kukanyaga jaruba, liwe limevunwa au halijavunwa. Atakayekiuka atachimba shimo la choo cha shule. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilimlenga Makoye.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sheria ni yangu, naijua mianya yake! Inamkataza ng'ombe kuingia. Haikatazi majani kutoka. Nimeamka na mundu, nimekata, nimebeba kwa baiskeli. Jasho la asubuhi nzima Katiba kalimaliza kabla sijafunga kifungo cha shati. Akanitazama. Nikarudi. Akamaliza. Akanitazama.

Nikaendelea kufikiri. Ng'ombe akisimama juu ya tuta, kichwa tu kikiwa ndani ya jaruba, je, ameingia? Nasema hapana. Kichwa si ng'ombe. Nikampeleka. Alisimama juu ya tuta kwa nidhamu, akala kwa macho yaliyofumbwa. Masikio yalichangamka. Kwa mara ya kwanza wiki hii niliona maziwa yakidondoka yenyewe, nami nikasahau hata kibuyu.

Ndama hajui sheria. Aliruka katikati ya jaruba, mkia juu, akirusha tope.

Hapo akatokea Ponsian, mgambo wa kijiji, mdogo wake Eufrazia. Nikasema, shemeji, yule si ng'ombe, ni ndama. Ponsian akasimama wima, akakariri: ng'ombe, mtamba, fahali, maksai na ndama, hata anayenyonya. Maneno hayo nililazimisha mwenyewe yaongezwe, Makoye asipate pa kupenyea. Na ni mimi niliyemkaririsha Ponsian, kwa wiki nzima. Hajakosea hata neno. Mpumbavu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimechimba.

Makoye amekuja na kigoda, akaketi ukingoni. Kaniuliza kama huku chini magazeti yanafika. Kasema, mkwe, tupa udongo kushoto, kulia umeshaegemea siasa. Kumbe njiani alipita nyumbani na mzigo wa majani ya viazi kwa ajili ya Katiba. Nilipaza sauti kutoka shimoni kwamba sipokei. Eufrazia alikwishapokea.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa mkutano wa kijiji, kando ya majaruba. Angela amefika na mtoto mgongoni. Kamtazama Katiba, kanitazama mimi. Eufrazia tayari ameshika kamba ya Katiba. Makoye amesimama karibu, mikono nyuma.

Nikaomba nafasi. Nimesema kwa moto ambao sijapata kuwa nao! Nimeilaani sheria ya majaruba. Nimeuliza ni nani huyu, aliyeketi kivulini na tumbo lililoshiba, anayemnyima mzazi majani yanayooza bure? Ana moyo wa namna gani? Ajitokeze!

Mkutano mzima ukanielekezea vidole. Padri naye alicheka, nimemwona.

Lakini sheria imefutwa. Mifugo itaingia baada ya mavuno hadi mvua za kwanza, kama zamani. Eufrazia amelegeza kamba kwa sharti moja: nisikamue mpaka ndama aanze kula majani. Nimekubali, kimsingi. Katiba aliingia jarubani mbele ya watu wote, akazama kwenye kijani hadi magotini. Vumbi liliniingia machoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Ushindi! Mbavu zimefunikwa. Ndama anarusha teke mpaka nimehamisha jiko. Tangu jana nakamua kibuyu kimoja, Eufrazia akiwa kisimani. Yote haya yametokana na jarida langu pamoja na uongozi thabiti.

Tatizo ni moja. Leo nimekuta kundi zima la Makoye limetapakaa majarubani, linatafuna majani ya Katiba wangu. Huu ni unyang'anyi! Nimekaa mchana kutwa naandika sheria mpya ya kupeleka mkutanoni: hakuna mfugo kukanyaga jaruba, isipokuwa ng'ombe anayenyonyesha uzao wake wa kwanza. Adhabu, mashimo mawili. Ponsian ameshaanza kukariri.

Nilimsomea Makoye ili ajiandae kwa aibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole: na mwakani, mkwe, Katiba akizaa wa pili, atakula wapi?

Nikamwambia sheria haitungwi kwa kubahatisha mambo ya mwakani.