Mlango wa Bafu Unaotuma Ujumbe

Jumapili, 6 Machi 2016
Nimechelewa tena kazini. Sababu ileile: Lawrence. Mkenya huyu, mpokea wageni wa hoteli moja ya Al Rigga, huoga kila siku kana kwamba anakwenda kuoa. Sisi wengine wa chumba hiki cha Karama, huku ughaibuni, tunasubiri koridoni, taulo mabegani. Msimamizi wangu, Samuel, amesema nikichelewa tena ataniondoa kwenye ukumbi wa jengo kule JLT, penye kiyoyozi, nikalinde maegesho ya nje. Juani. Nimemwambia inshallah haitatokea. Amesema hiyo inshallah yangu anaijua.

Jumatatu, 7 Machi
Dawa imepatikana. Nimenunua kwenye duka moja la Deira kidude cha Wi-Fi, kidogo kuliko kiberiti. Nimekificha juu ya mlango wa bafu pamoja na betri na swichi ya sumaku. Mlango ukifunguliwa, simu yangu inapata ujumbe, nami nawahi bafuni. Wenzangu watakuwa bado wanatafuta kandambili. Deus, anayelala kitanda cha juu yangu, ameuliza kwa nini nisibishe hodi tu. Watu wa namna hii ndio wanaochelewesha maendeleo.

Jumanne, 8 Machi
Betri imekwisha kabla hata Lawrence hajaamka. Kumbe kidude kilipiga soga na ruta usiku kucha. Muuza duka amecheka, kisha akanieleza: lazima kilale, kiamke tu mlango ukifunguka, kiseme neno moja, kilale tena. Nimekifundisha. Deus ameuliza kama naweza kumfundisha Lawrence pia.

Jumatano, 9 Machi
Ushindi. Wa kwanza kuoga alipotoka, simu ilitetemeka chini ya mto, nikawa bafuni kabla Lawrence hajapiga mwayo. Nimeoga mara mbili. Ya pili ilikuwa ya kumkomoa tu. Akagonga.

"Bro, unaoga ama unajenga?"

Nikaongeza maji. Kazini nimefika mapema mno, Samuel akauliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Alhamisi, 10 Machi
Simu kimya. Nilisikia maji yakimwagika, watu wakisukutua. Lakini ujumbe haukuja, basi nikajua Lawrence bado yumo. Nikajigeuza upande wa pili. Mwenye mtambo hana haraka.

Nilipozinduka, nyumba nzima ilikuwa tupu.

Nimekwenda kukagua. Kando ya swichi imebandikwa sumaku ya friji ya Lawrence, ile yenye picha ya twiga. Kwa akili ya kidude changu, sumaku ikiwa karibu mlango umefungwa; basi haujafunguliwa tangu jana. Nimempigia simu. Akajibu kwa sauti yake ya mapokezi:

"Pole sana, bro. Nilidhani ni pambo, nikaongezea langu."

Nimefika JLT bila kuoga. Samuel hakufoka. Amesema khalas, imekwisha, akanikabidhi kofia ya jua.

Jumamosi, 12 Machi
Maegesho. Jua la hapa halina utani. Mlinzi mwenzangu ni Proscovia, Mganda, mpole sana. Kivuli kipo kimoja, na ndani yake kiti kimoja. Amependekeza tukae kwa zamu: mtu akitaka kupumzika, aombe tu, mwenzake atampisha. Nimekubali kwa heshima zote.

Kisha nimezunguka nyuma ya magari, nikapiga simu kwenye lile duka la Deira. Nimeuliza kama wana swichi ya kuficha chini ya kiti, inayotuma ujumbe mtu akiinuka.

Wanayo.