Mafuta Safi ya Shem

Shem aliuona moshi kabla hajaiona nyumba. Ulikuwa mweusi tii, ukipanda juu ya Haltom City asubuhi ya baridi ya Januari, na kwa Shem moshi wa namna hiyo ulikuwa mwaliko. Akakata kona, akaegesha pikapu.

Mwenye nyumba alikuwa Anastasie, mjane kutoka Burundi, aliyefua mashuka ya hoteli miaka kumi na mmoja hadi akanunua nyumba ile kuukuu. Aliyeijenga alitoka majimbo ya kaskazini na kuiwekea boila ya mafuta ya kupasha nyumba joto, kitu adimu Texas.

"Mama, dizeli unayochoma imejaa salfa," Shem alisema kwa huruma ya daktari. "Ndiyo inaleta masizi. Mimi nina mafuta safi. Wacha niku-show."

Akamimina kwenye boila dumu la mafuta ya taa yaliyosafishwa vizuri, akafunga leso nyeupe kwenye bomba la moshi. Baada ya saa nzima leso ilikuwa bado nyeupe. Lakini dumu lilikuwa la kuonyesha tu. Ya kuuza yalikuwa kwenye pikapu: mapipa manne ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, kutoka migahawa ya Carrollton.

Anastasie akaigeuza leso kwenye mwanga. "Mwanangu, kuna doa."

"Wapi?"

"Hapa. Mimi ni mfuaji, madoa nayajua. Labda boila ina uchafu wa zamani. Tujaribu tena wiki ijayo."

Shem akaja na dumu la pili. Anastasie akaona doa tena, dogo zaidi. "Tunakaribia," akasema. Wiki ya nne akadokeza kwamba parokia ina boila kubwa mara tatu, na padri anasubiri neno lake. Shem akaanza kuleta madumu mawili mawili, yote kwa fedha yake.

Machi ikaingia na joto. Akamkuta Anastasie amefungua madirisha.

"Basi mama, umeamua? Nita-deliver leo."

"Nimeamua. Mafuta yako ya dumu ni mazuri sana. Ya mapipa yale ya kwenye pikapu yananuka chipsi tangu siku ya kwanza."

Shem akageuka kuitazama pikapu.

"Na parokia?" akauliza.

"Parokia inatumia umeme. Kaa ule, mwanangu."

Akakaa, akaletewa maharagwe na ndizi. Wakiwa wanakula, jirani mmoja akachungulia mlangoni kumshukuru yule kijana aliyewaondolea moshi msimu wote wa baridi.

Shem akameza tonge. "Si neno," akasema.