Mkate Usio na Pingamizi

Serikali inawatangazia wananchi wote wenye meno, na wasio na meno kwa kadiri watakavyojaliwa, kwamba kuanzia siku ya uzinduzi nchi nzima itakula mkate mmoja. Mkate huo utaitwa Mkate wa Taifa. Mikate mingine yote, iwe minene, myembamba, ya mviringo au mirefu, itahesabiwa kuwa ni vurugu, na tanuri zake zitafungwa kwa lakiri.

Tangazo hilo lilisomwa redioni kabla ya taarifa ya habari. Aliyeliandika alikuwa amekaa nyumbani kwake, sikio kwenye redio, akitikisa kichwa kwa kuridhika kila ilipofika koma. Huyo ndiye Mkurugenzi wa Uwiano wa Mkate. Msicheke. Cheo kipo, ofisi ipo, na mlangoni pana kibao cha shaba ambacho mhudumu hukisugua mpaka mtu anaweza kunyoa ndevu mbele yake. Mkurugenzi ni mtu wa taratibu. Hata barabara ikifungwa kwa matengenezo, yeye huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka.

Shughuli yote ilianza na Waziri. Waziri alifanya ziara ya kuwafahamu wananchi, na wananchi, kwa wema wao, wakamkaribisha mkate. Watu wa juu, kule kwenye baridi, huoka mkate mnene wa mviringo wenye ganda gumu. Waziri aliung'ata mbele ya kamera, jino lake la bandia likabaki humo. Watu wa chini, kule kwenye joto, huoka mkate mwembamba unaokunjika. Waziri aliletewa kwenye sinia, akashukuru, akajifutia mikono nao, kisha akaurudisha alipoutoa. Huko chini walinuna mpaka watoto wachanga. Mtu mwingine angetafuta wa kumwelekeza. Waziri ana upeo, akaona kwamba hatari kwa umoja wa taifa ni mikate.

Basi ikaundwa Kamati ya Uwiano. Wakaitwa Mjumbe wa Juu, Mjumbe wa Chini, na Mjumbe wa Katikati, ambako mkate ni mrefu kama mkono, una sukari, na huliwa na chai. Siku ya kwanza walitukanana kwa lugha ya kiserikali. Siku ya pili walitukanana tu. Hapo Mkurugenzi akawaletea utaratibu ambao hata leo huwa anausimulia kwa macho yenye unyevu: chochote ambacho mjumbe mmoja atakipinga, kinatolewa. Hakuna kura, hakuna kinyongo. Kitakachobaki ndicho cha wote.

"Hamira itoke," akasema Mjumbe wa Chini. "Kwetu mkate unaoumuka ni mkate wenye kiburi."

"Nayo sukari itoke," akasema Mjumbe wa Juu. "Mtu mzima hali peremende asubuhi."

"Kama sukari inatoka, chumvi itabaki kwa misingi ipi?" akauliza Mjumbe wa Katikati, na chumvi ikatoka.

Mafuta yakatoka. Ganda likatoka. Tundu za ndani zikatoka, maana zilionekana kuwa ni upotevu wa nafasi. Lilipokuja suala la umbo, mviringo ulipingwa, urefu ukapingwa, wembamba ukapingwa, na mwishowe wakaafikiana pembe nne, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekumbuka mama yake akioka mkate wa pembe nne. Ukabaki unga na maji. Maji yenyewe yalinusurika kwa sababu mpingaji alikuwa ametoka kidogo kwenda ukumbini, ambako kila mjumbe alikuwa na mkoba wake, na ndani ya mkoba mkate wa kwao, wakiula kwa zamu, wamegeukia ukuta kama watu wanaosoma matangazo.

Mkate wa kwanza ulipotoka jikoni, Mkurugenzi aliugonga kwa kidole. Ukaitikia kama mlango.

"Una kasoro yoyote?" akauliza.

Wajumbe wakautazama wee, wakautazama tena. Hawakuona cha kupinga.

Sasa twende nyumbani kwake, maana huko ndiko mambo yalikokuwa yanaungua.

Mkurugenzi ni mtu wa chini, na mkewe ni wa juu. Walioana kwa mapenzi, mikate ikaja na mizigo. Tangu baba mkwe afariki, mama mkwe anakaa nao, na kwenye ua wa nyuma pana tanuri ambayo marehemu aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, alipokuja kuuguzwa hapo, akiwa tayari mgonjwa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Mama mkwe huiwasha alfajiri, na moshi ukitoka anaujibu kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amemsalimu. Mtaa mzima unajua, na hakuna anayemwingilia.

Mkurugenzi, kwa upande wake, ana msimamo. Miaka yote mezani husema wazi kwamba mkate ni ule mwembamba, na huo mwingine ni wa kujengea nyumba. Mama mkwe huinamisha macho na kusema, "Kila mtu na kwao, mwanangu." Kisha Mkurugenzi huingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, na kule, juu ya kabati, pana kipande cha ganda kimefunikwa kwa sahani. Anakila akiwa amesimama, upesi, na kunawa mdomo. Mama mkwe hajawahi kusema neno. Mkurugenzi naye hajawahi kuuliza sahani imefikaje. Heshima ya mkwe na mama mkwe ina njia zake, na hii ilikuwa yao.

Ndipo Waziri akamwita ofisini.

"Mkurugenzi, nimesikia nyumbani kwako kuna tanuri."

"Ya mama mkwe, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Mfano mwema huanzia nyumbani. Siku ya uzinduzi, nikishauonja mkate, msafara wote utakuja kwako, na wewe mwenyewe utaipiga lakiri mbele ya kamera. Kisha tutazungumza kuhusu Ukatibu Mkuu."

Ukatibu Mkuu. Mkurugenzi alikuwa amekiota kile kiti cha kuzunguka tangu akiwa karani. Akasema ndiyo kabla hajafikiri, kisha akafikiri, ikawa imeshakuwa ndiyo.

Waziri akavuta rasimu ya kanuni, akachukua kalamu ya wino wa kijani, na kuongeza kifungu kwa mkono wake. Alikuwa na wasiwasi kwamba wananchi watamega kidogo na kutupia kuku. Kifungu kikasema: atakayeumega Mkate wa Taifa hatanyanyuka mezani mpaka aumalize, bila kuchovya wala kusaidiwa, na uzinduzi utahesabiwa kuwa umekamilika pale mkate wa kwanza utakapokuwa umeliwa wote na mzinduzi.

"Hapo nimewabana," akasema Waziri, akipuliza wino ukauke.

Jioni ile Mkurugenzi alimweleza mkewe. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anakunja shuka, na alipomaliza kukunja akalikunjua akaanza upya.

"Kwa hiyo utaifunga tanuri ya baba yangu ili ukakalie kiti kinachozunguka."

"Nikikataa nitamwaga unga, mke wangu. Tutakula nini?"

"Si kuna ule wa pembe nne."

Mama mkwe, yeye, hakugomba. Laiti angegomba. Alisema tu, "Sawa, baba. Serikali ni serikali," na tangu hapo akawa anamwandalia Mkurugenzi sampuli ya Mkate wa Taifa asubuhi na jioni, kwenye sahani nzuri ya wageni, na kitambaa pembeni. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Mkurugenzi aliingia jikoni kunywa maji mara nyingi kuliko ngamia. Aliona aibu, na aibu ile ilimkaa kifuani kuzidi hata ule mkate, ambao nao haukuwa na haraka ya kushuka.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, viongozi walikaa kivulini, wananchi juani, kama ratiba ilivyoelekeza. Mkate uliletwa na askari wawili juu ya mto mwekundu. Ulikuwa umeokwa wiki iliyotangulia ili upigwe picha, na muda huo wote haukuota ukungu, maana hata ukungu una mahali unapopendelea. Mkurugenzi alishika kipaza sauti, kwani ndiye mshereheshaji.

Waziri akakaa kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, akatabasamu kwa kamera, akaung'ata. Hapakutokea kitu. Akaung'ata kwa meno ya pembeni. Sauti ilisikika, na watu wa mbele wakabishana kama ni mkate au ni Waziri. Hatimaye kipande kikaachia, akaanza kutafuna. Alitafuna, bendi ikamaliza wimbo. Akatafuna, bendi ikaurudia. Alipomeza, machozi yalimtoka, na mtangazaji wa redio akawaeleza wasikilizaji kwamba Mheshimiwa ameguswa.

Waziri akajifuta mdomo, safari hii kwa kitambaa cha kweli, na kuanza kunyanyuka. Madereva wakawasha magari ya msafara. Mkurugenzi aliitazama ratiba mkononi. Kilichofuata kilikuwa: kuelekea nyumbani kwa Mkurugenzi kwa ajili ya lakiri. Akamwona mkewe kwenye kundi la watu, na pembeni yake mama mkwe, amevaa nguo aliyovaa siku ya mazishi ya mumewe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu, kama watu wa serikali walivyomwambia angoje.

Mkurugenzi hakuwa shujaa, na sitamsingizia. Lakini alikuwa mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu akibanwa hukimbilia kwenye taratibu.

"Kwa heshima na taadhima," akasema kwenye kipaza sauti, "Mheshimiwa bado hajamaliza."

Waziri akamwonyesha tabasamu. "Soma ratiba, Mkurugenzi," akasema kwa meno yaliyobanana.

"Nasoma kanuni, Mheshimiwa. Atakayeumega hatanyanyuka mezani mpaka aumalize."

"Hiyo ni kwa ajili ya wananchi."

"Mheshimiwa ndiye mwananchi namba moja. Kila hotuba tunasema hivyo."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Kwa wino wa kijani."

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kimenunuliwa kwa ajili ya siku hiyo, na uwanja wote ulisikia. Kisha makofi yakalipuka, na wa kwanza kupiga alikuwa Naibu Waziri, mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikipenda kiti cha bosi wake kwa moyo safi.

"Huo ndio uongozi wa mfano," akasema Naibu kwa sauti. "Mheshimiwa hawezi kuivunja kanuni yake mwenyewe mbele ya taifa. Mrudishieni kiti."

Wakamrudishia kiti. Akakaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Waziri alikuwa amesifiwa miaka mingi. Akaumega tena.

Wananchi wakangoja kwa adabu, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa sababu jua lilikuwa kali na watu wana kazi zao. Bendi ikafunga ngoma. Kwa kuwa mvua za msimu zilikuwa zinakaribia, serikali iliona vyema kumjengea Mheshimiwa paa juu ya meza. Naibu anakaimu nafasi yake kwa masikitiko makubwa. Na kwa kuwa uzinduzi haujakamilika, kanuni haijaanza kazi, kwa hiyo hakuna tanuri iliyofungwa. Kila asubuhi redio husoma tangazo, limeandikwa na Mkurugenzi yule yule: uzinduzi unaendelea vizuri, na wananchi waendelee kula vurugu zao mpaka watakapotangaziwa vinginevyo.

Mkurugenzi hakupata Ukatibu Mkuu. Siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, akakuta moshi kwenye ua wa nyuma. Hakuingia jikoni. Alikaa mezani, mbele ya watu wote, akasafisha koo.

"Mama," akasema, "naomba ganda. Na leo nitalila nikiwa nimekaa."

Mama mkwe akainamisha macho, ila tabasamu lilishamtoroka. "Kila mtu na kwao, mwanangu," akasema, akamkatia upande ulioungua kidogo, ule anaoupenda. Mkewe akamsogezea siagi. Mkurugenzi akala mpaka jasho likamtoka, na hakuna aliyemwuliza habari ya mkate mwembamba.

Siku chache baadaye gari jeusi lilisimama pembeni ya ua. Akashuka dereva wa Waziri, kofia mkononi, akanong'ona kwamba Mheshimiwa amefika katikati ya mkate, harufu ya tanuri hii inamfikia uwanjani upepo ukigeuka, na je, mama hawezi kumpa kipande, hata kidogo, apitishe chini ya meza.

Mama mkwe alikuwa anakanda. Hakuacha. Alifikiri kwanza, maana si mtu wa roho mbaya, na Waziri alikuwa na umri wa wanawe.

"Mwambie nitamwekea chake, nitakifunika kwa sahani," akasema. "Lakini kwetu mtoto hapewi kingine kabla hajamaliza kilichomo mdomoni."