Volti Zangu Kumi na Nane Zirudishwe

Kyebando, Kampala
14 Agosti 2004

Bwana Meneja wa Umeme,

Nakusalimu kwa sababu mimi nilifundishwa adabu, si kwa sababu umeistahili. Ni Aryemo, mjane wa Sajenti Otim, mama yake Laker. Shule niliishia darasa la nne, lakini namba nazisoma vizuri, na namba ndizo zimenikalisha hapa na kalamu.

Jumatatu mlimtuma fundi wenu Opoka apime nguvu ya umeme mtaani. Alikuja na voltimita ya kisasa, ile isiyo na mshale, inaandika namba tu kwenye kioo. Akachomeka waya zake mbili ukutani kwangu: 209. Akavuka ua kwa jirani yangu Nasike: 227. Sasa sikiliza.

1. Nasike alitoka Kenya juzi tu, mwaka wa tisini na sita, kuuza mitumba. Mimi niko nyumba hii tangu vita vya themanini na sita viishe. Waliochimba shimo la nguzo yenu ya umeme walikula ugali wangu. Mgeni ananipitaje volti kumi na nane?

2. Mume wangu alikuwa sajenti. Mume wa Nasike analinda stoo ya saruji. Jeshini hata blanketi lilifuata cheo. Volti nazo zifuate cheo.

3. Kifaa chenyewe hakina msimamo. Kilisema 209, kikasema 208, kikarudi 209, na mimi nimesimama pale pale nakitazama. Mtu mzima akisema hivyo, utamwita awe shahidi? Voltimita ya mshale ilikuwa na heshima. Inatetemeka kidogo, inatulia, basi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Miaka minane tunakunywa chai pamoja saa kumi, mimi na Nasike. Majani yangu, maziwa yake. Tangu Jumatatu anasimama mlangoni kifua mbele: "Mama Laker, pole na volti! Nikugawie tano?" Nikamwambia ajigawie adabu kwanza. Siku ya tano leo nakunywa chai ya rangi peke yangu. Laker yuko Gulu. Sina hata mtu wa kugombana naye.

5. Na fundi wenu nilimpokea! Kwetu mgeni wa kazi haingii kwenye nyumba iliyolala. Niliwasha taa zote mchana, redio, jiko la umeme sahani zote mbili, birika na pasi, aone kwamba mjane wa sajenti vitu anavyo na vinafanya kazi. Nasike alikuwa sokoni, nyumba yake imezimwa yote, fundi akafunguliwa mlango na shemeji wa Nasike. Na Nasike ndiye akapewa nyingi. Hiyo ni shukrani?

Kwa hiyo naomba volti kumi na nane zitoke kwa Nasike zije kwangu. Kama haziwezi kuhamishwa, zikatwe tu. Kifaa kivunjwe mbele ya wazee wa mtaa. Opoka aje kuomba radhi, amevaa shati la mikono mirefu.

Wasalimie watu wa ofisini kwako, na mkeo, na yule mama anayefagia, aliyenipa kiti nilipokuja mwaka jana. Nyinyi wengine mliniangalia tu.

Ni mimi niliyepunjwa,
Aryemo, mjane wa Sajenti Otim

Baada ya sahihi: Nilikuwa naikunja barua, Opoka akaja kupima tena. Kwa hasira sikumwashia hata taa moja. Kifaa kikasema 228. Kwa Nasike, ambaye safari hii alisikia fundi anakuja akawasha jiko, pasi na televisheni, kikasema 210. Opoka anasema waya wa nyumba zetu ni mwembamba, ukiwasha vitu vingi volti zinashuka. Kumbe kifaa kilisema kweli. Volti zangu nilizila mwenyewe kwa heshima.

Yafute yote niliyoandika juu, isipokuwa la shati.

Nasike alisimama uani. Nilimcheka, lakini si sana. Nikaingia ndani nikawasha birika, namba yangu ishuke ikitaka. Nikamwita: "Nasike! Unangoja nini? Lete maziwa."